UZI: Kwa nini bima ya afya Kenya hufa mwezi ule mshahara unapokatika

Wadau, kila wiki mjadala ni ule ule. Mmoja anasema bima ya zamani ilikuwa bora, irudishwe. Mwingine anamjibu kwamba siku hizi kila Mkenya ana bima, ni kujisajili tu kwa simu. Halafu wanatukanana hadi saa sita usiku. Mimi nasoma sayansi ya siasa, niko mwaka wa 3, na kwetu ni Laiser Hill, Kajiado. Sitataja chama wala mwanasiasa, manake ukitaja jina tu watu wanaacha kusoma wanaanza kushangilia. Nitawapa historia, na katikati yake nitawaeleza yaliyotupata nyumbani, ndiyo mjue kwa nini hili jambo siliachi.

Tuanze dirishani. Machi 2025 mzee wetu amelazwa hospitali moja ya kiwango cha 4. Ana kisukari, na kidonda cha mguu kilikuwa kimekataa kupona. Mimi niko kwenye foleni ya karani wa bima na kitambulisho chake mkononi. Karani anaingiza nambari, anangoja sistimu, ananiangalia. "Kijana, mzee amesajiliwa. Lakini hajalipa."

Nikauliza, kwani hayo ni mambo mawili?

"Ni mawili. Wa nyuma."

Hiyo sentensi yake, "amesajiliwa lakini hajalipa", ndiyo uzi mzima. Ukielewa ilitoka wapi, hutadanganywa tena na upande wowote.

Turudi nyuma. Wakati wa mkoloni hospitali zilitengwa kwa rangi, na Mwafrika aliyefika kwenye kituo cha serikali alilipishwa ada. Mwaka 1965, miaka miwili baada ya uhuru, serikali ikafuta ada ya wagonjwa wasiolazwa. Mwaka ule ule ikatoa ile Sessional Paper nambari 10 ambayo wengi wetu tulikariri bila kuisoma, yenye ahadi za kupigana na maradhi, ujinga na umaskini. Ahadi ilikuwa pana: wewe ni raia, ukiugua utatibiwa, kodi italipa.

Mwaka uliofuata, 1966, Bunge likapitisha sheria ya Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, ndiyo hiyo NHIF. Na hapa nataka mtulie kidogo. Bima hii ilikuwa lazima kwa mtu mwenye mshahara wa kuanzia shilingi 1,000 kwa mwezi. Mchango ulikuwa shilingi 20, unakatwa kabla hujaona mshahara. Sasa jiulize, mwaka 1966 nani alikuwa anapata 1,000? Si kibarua wa shamba la chai. Si mchungaji wa Isinya. Alikuwa karani mkubwa, mwalimu wa daraja la juu, afisa wa serikali, mtu wa benki. Na bima ililipia kulazwa tu.

Kwa hiyo tangu mwanzo tulikuwa na milango miwili. Mmoja wa raia wote, unaolipwa na kodi. Mwingine wa wenye mshahara, unaolipwa na makato. Huu wa pili hatukuubuni sisi. Ujerumani ndiyo iliyoanza, mwaka 1883, na bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi wa viwandani: mwajiri anakata, anapeleka, mambo yanaisha. Ujerumani ilikuwa inajaa viwanda, na kila mwaka watu wengi zaidi waliingia kwenye orodha ya mishahara. Sisi tuliuchukua mlango ule tukauweka katika nchi ambayo wengi wanaishi kwa shamba, ng'ombe na biashara ndogo. Hadi leo zaidi ya wafanyakazi 8 kati ya 10 Kenya wako katika sekta isiyo rasmi. Yaani tulijenga mlango wa kiwanda kwenye soko la wazi.

Walioongoza si kwamba hawakuliona hilo. Mwaka 1972 sheria ilibadilishwa ili mtu asiye na mwajiri ajiunge kwa hiari. Hilo neno "hiari" linasikika zuri, lakini maana yake ni kwamba mwenye mwajiri analipiwa bila kufikiria, na asiye na mwajiri lazima akumbuke, asafiri, apige foleni, alipe mwenyewe kila mwezi, na akisahau ni shauri yake.

Kwa muda haikuuma sana kwa sababu ule mlango wa kwanza ulikuwa bado wazi. Halafu ikaja Desemba 1989, serikali ikiwa na madeni na wakopeshaji wa nje wakisukuma, ikaanzishwa "kuchangia gharama". Kila mgonjwa alipe kidogo. Kuna utafiti mmoja huwa nautaja kwa kila mtu anayesema "watu walipe kidogo tu, kwani ni nini". Ulifanywa katika kliniki kubwa ya magonjwa ya zinaa Nairobi. Baada ya ada kuanza, wanaume waliohudhuria walishuka hadi kama 40% ya idadi ya awali, na wanawake hadi kama 65%. Na huo ulikuwa wakati UKIMWI unaenea. Ada ikasimamishwa 1990, kisha ikarudishwa hatua kwa hatua kuanzia miaka iliyofuata. Mama yangu alikuwa msichana wakati huo, anakumbuka nyanya yake akirudishwa nyumbani kutoka kituoni kwa sababu ya pesa ambayo leo hainunui hata mandazi mawili.

Basi ule mlango wa raia ukafungwa nusu. Uliobaki wazi kabisa ni wa mshahara.

Mwaka 1990 pia ndipo mchango wa NHIF ulipopangwa kwa ngazi, kutoka shilingi 30 hadi 320 kulingana na mshahara. Mwaka 1998 ikaja sheria mpya iliyoifanya NHIF kuwa shirika la serikali badala ya idara ya wizara. Ile 320 ikabaki kuwa kiwango cha juu hadi Aprili 2015. Miaka 25! Bei ya unga ilibadilika mara ngapi hapo katikati? Mwaka 2010 walijaribu kupandisha, vyama vya wafanyakazi vikakataa, kesi ikaenda kortini. Nawaelewa waliokataa, kwa sababu kashfa za pesa za bima zilikuwa nyingi na nani angependa kuongeza maji kwenye debe lenye tundu. Lakini matokeo yake ni kwamba bima ilibaki nyembamba. Wafanyakazi wengi walipata kulipiwa matibabu ya bila kulazwa kuanzia 2015, viwango vipya vilipoanza.

Kabla ya hapo kulikuwa na nafasi moja ambayo nadhani wengi wa umri wangu hawaijui. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya jamii kwa kila mtu. Ulipitishwa kabisa. Rais akakataa kuutia sahihi, akaurudisha. Hazina ilihofia gharama, waajiri na kampuni za bima za kibinafsi hawakuupenda, ukafa. Miaka 6 baadaye tukaandika katika Katiba, kifungu cha 43, kwamba kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haki ikaandikwa. Mlango ukabaki ule ule wa 1966.

Sasa turudi nyumbani.

Mzee alifanya kazi kiwandani Athi River miaka 11. Mkijua Kitengela mnajua Athi River ni hapo tu, matatu dakika chache, lakini ukivuka umeingia Kaunti ya Machakos. Miaka hiyo 11 sijawahi kusikia neno "bima" likitajwa nyumbani kama tatizo. Ilikatwa kwenye mshahara, mimi na dada yangu tulitibiwa, mama alijifungua kitinda mimba wetu, kadi ikaonyeshwa, mambo yakaisha. Hivyo ndivyo mlango wa mshahara unavyofanya kazi ukiwa ndani. Hauuoni hata.

Desemba 2018 serikali ilianza majaribio ya afya kwa wote katika kaunti 4: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Katika hizo kaunti ada ziliondolewa kwenye hospitali za umma za kaunti. Mfanyakazi mwenza wa mzee aliyekuwa anaishi ng'ambo, Athi River, akasajiliwa na familia yake. Sisi wa upande huu hatukuwemo. Mzee alikuwa akicheka kwamba wanapiga kengele moja, wanakula meza moja, lakini mmoja ni Mkenya wa majaribio na mwingine ni Mkenya wa kawaida. Baada ya mwaka na kitu majaribio yakaisha, na yule jirani akarudi kuwa wa kawaida pia.

Mei 2020, korona, kiwanda kikapunguza watu. Mzee alikuwa mmoja wao. Barua ya kuachishwa ilieleza siku za likizo alizodai na malipo ya mwisho. Kuhusu bima haikusema chochote. Tulijua imekufa miezi mitatu baadaye, mtoto alipopata nimonia na kadi ikakataa.

Hapo ndipo mzee alipogeuka kuwa mwanachama wa "hiari". Mchango ulikuwa shilingi 500 kwa mwezi, kwa kila mtu asiye na mwajiri. Wanaosema bima ya zamani ilikuwa bora naomba wasome hapa polepole. Mwenye nyumba wetu ana ploti tatu za kukodisha, alilipa 500. Mama yangu anauza mitumba sokoni Kitengela, alilipa 500. Na ukichelewa, faini ya nusu ya mchango kwa kila mwezi uliokosa. Mwaka 2022 tulikuwa na miezi 7 bila kulipa, manake mimi nilikuwa naingia chuo na pesa zote zilikwenda huko. Kurudi ilikuwa 3,500 ya madeni na 1,750 ya faini. Na deni hilo ni la miezi ambayo bima haikukulipia chochote. Mama alilipa. Tukakaa ndani miezi minne. Tukatoka tena.

Nataka kusema kitu kuhusu mama, kwa sababu kila nikisikia mchambuzi akisema "watu wa sekta isiyo rasmi hawapendi kulipia bima, wana tabia mbaya ya kutoweka akiba" damu inachemka. Mama yuko kwenye chama cha wamama 12. Hajawahi kukosa mchango hata wiki moja, hata wiki aliyofiwa. Anajua kuweka akiba kuliko hao wachambuzi. Ila chama kikiona umekwama, kinakubali ulipe wiki ijayo na wanakuletea unga. Bima ilikuwa ikiona amekwama inamfungia, halafu inamtoza kwa kufungiwa.

Na takwimu zinaonyesha si sisi tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipata kwamba takriban mtu 1 kati ya 4 ndiye aliyekuwa na bima yoyote ya afya. Miaka 56 baada ya 1966.

Tufike sasa kwa hii mpya. Oktoba 2023 sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ikatiwa sahihi, NHIF ikafutwa, ikaundwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, yenye hazina tatu: ya huduma za msingi, ya bima yenyewe, na ya dharura na magonjwa sugu. Kortini huko kulikuwa na mchezo wa danadana. Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria hizo zinakiuka Katiba, Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na Oktoba 1, 2024 mpango ukaanza. Watu wakaambiwa wajisajili upya. NHIF ikaacha madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 kwa hospitali, ndiyo maana baadhi ya hospitali zilikuwa zinakuangalia vibaya ukitaja bima yoyote ya serikali.

Tuwe waungwana, kuna mambo mapya mazuri. Mwenye mshahara sasa analipa 2.75% bila kikomo cha juu. Mtu wa 15,000 alikuwa anakatwa 600, sasa ni kama 412. Mtu wa 100,000 alikuwa anakatwa 1,700, sasa 2,750. Wenye kelele kubwa mitandaoni ni hao wa pili, na wana haki ya kulalamika wakikosa huduma, lakini wasiseme kwamba maskini wote wanalia pamoja nao kuhusu hiyo asilimia. Na kwenye zahanati na kituo cha afya, yaani kiwango cha 2 na cha 3, kusajiliwa kunatosha. Huo ni mlango wa 1965 ukifunguliwa tena kidogo, na mimi nashukuru. Mzee alisafishwa kidonda huko wiki tatu bila kulipa.

Shida ni kidonda kilipohitaji kulazwa. Kuanzia kiwango cha 4, lazima uwe umelipa. Na kama huna mwajiri, hulipi kwa mwezi. Unajibu maswali kuhusu kaya yako: nyumba ina paa gani, choo gani, maji mnatoa wapi, mnapikia nini. Mtambo unapiga hesabu, unakuambia mchango wako, usiopungua 300 kwa mwezi, halafu unaulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo.

Sisi tulijibu ukweli. Nyumba ya mawe ambayo mzee aliijenga akiwa na kazi. Gesi, mtungi mdogo. Maji ya kununua. Mtambo ukatuwekea 610 kwa mwezi, yaani 7,320 kwa mkupuo. Ilikuwa inapima mshahara wa 2015 uliogeuka kuwa ukuta. Mama alinitumia ujumbe: "Waambie nyumba haizai." Kuna njia ya kuomba mchango uangaliwe upya, lakini mgonjwa yuko kitandani, unaomba saa ngapi?

Kwa hiyo unaposikia kwamba waliosajiliwa walipita milioni 20 ndani ya mwaka wa kwanza, ni kweli. Uliza swali la pili: kati yao, wasio na mwajiri waliolipa ni wangapi? Ni sehemu ndogo sana. Hao wengine wote wakifika dirishani wataambiwa nilichoambiwa mimi. Baadaye ulianzishwa mpango wa kulipa polepole, ambapo unakopeshwa mchango wa mwaka kisha unalipa mkopo. Ni afadhali, sikatai. Lakini kumbuka unamkopesha mtu ambaye tatizo lake ni kwamba kipato kimekatika.

Kuna nchi zimejaribu njia nyingine. Uingereza tangu 1948 inalipia kwa kodi, kwa hiyo mtu akifutwa kazi Ijumaa, Jumatatu daktari wake ni yule yule. Hiyo ni nchi tajiri, mtasema. Sawa, Ghana je? Mwaka 2003 walipitisha sheria ya bima ya taifa, na sehemu kubwa ya pesa zake hutoka kwenye tozo ya 2.5% inayokwenda na kodi ya mauzo. Mama mboga wa Accra anachangia kila anaponunua sabuni. Si pepo, manake asiye na ajira rasmi bado anatakiwa kuhuisha kadi kila mwaka na wengi huchelewa. Lakini mfuko wenyewe haungoji yeye akumbuke ndipo upate pesa.

Nikiwasikiliza pande zote mbili za mjadala wetu, wanabishana kuhusu jina, asilimia, na nani aliiba. Wizi ujadiliwe, sana tu. Ila sijasikia hata mmoja akiulizwa jukwaani: mtu aliyechangia miaka 11 akikosa mshahara mwezi huu, mwezi ujao atatibiwa kwa mlango gani? Mkipata nafasi ya kuuliza, ulizeni hilo, na msikubali jibu la "ajisajili".

Mzee alitoka baada ya siku 9. Siku 3 za kwanza, kabla hatujalipa bima, hatukulipiwa, na bili yake ilikuwa 14,000. Chama cha mama kilitoa 6,000. Wale aliofanya nao kazi Athi River walichanga kwa M-Pesa, na aliyetuma nyingi kuliko wote ni yule jirani wa majaribio. Mguu umebaki, vidole viwili havipo.

Bima yetu inakwisha Machi. Mama ameshaanza kuweka 150 kila Jumatatu, kwenye laini ya simu ambayo PIN yake amempa dada yangu asije akajaribiwa. Nilimwambia aombe ule mchango upunguzwe kabla tarehe haijafika. Akaniuliza ofisi iko wapi. Nikamwambia ni kwa simu. Akanipa simu yake, akasema basi fanya. Nimejaribu mara mbili wiki hii. Nitajaribu tena leo usiku, mtandao ukiwa mwepesi.